Lebo za Likoni, Changamwe na Kisauni: simyuleta ipi ya ndege inastahili pesa zako?

Simyuleta za ndege zinaijua Mombasa kwa umbo, hazijui majina yake. Kisiwa utakikuta, uwanja wa ndege wa Moi uko pale pale Port Reitz, ufuo wa Shelly unang'aa upande wa Likoni, lakini ukitazama chini hakuna kinachokwambia kwamba hapa ni Mtongwe na kule ni Mikindani. Anayeruka kujiburudisha hajali. Anayejifunza kuongoza ndege kwa macho, kwa kulinganisha ramani na kinachopita dirishani, anajali sana, kwa sababu mnarani wakimuuliza yuko wapi hawezi kujibu kwamba yuko juu ya mabati mengi.

Dawa yake ni kuongeza lebo: unachagua alama za ardhini, unatafuta latitudo na longitudo zake, na unaiambia simyuleta iandike jina hapo. Kazi yenyewe haina ugumu mkubwa. Kinachowachanganya wengi ni bei. Njia moja haitoki na hata shilingi yako, nyingine inapita elfu ishirini na tano kabla hujagusa kompyuta, na ile ya ghali si lazima ndiyo itakayokufundisha njia ya kwenda Ukunda.

Hesabu za hapa nimezifanya kwa shilingi 130 kwa dola, kabla ya kodi, na bei za dola ni zile zilizotangazwa programu zilipoingia sokoni. Maduka ya mtandaoni hushusha bei mara kadhaa kwa mwaka, kwa hivyo asiye na haraka ana nafuu.

Tuanze na ile ambayo kila kijana huitaja kwanza. Microsoft Flight Simulator ya 2020 ilitoka Agosti mwaka huo kwa dola 59.99, yaani kama shilingi 7,800. Ile ya 2024 ilifuata mwezi wa Novemba kwa dola 69.99, kama shilingi 9,100, na toleo lake la juu kabisa liliuzwa dola 199.99, shilingi 26,000. Unapopanda toleo unaongezewa ndege na vikorombwezo vingine. Mombasa haibadiliki. Atakayekwambia ununue toleo la elfu ishirini na sita ili uione Changamwe vizuri, mshukuru na uendelee na safari yako.

Mandhari ya simyuleta hiyo yanatokana na picha za setelaiti za Bing. Majengo ya sehemu kubwa ya dunia katika toleo la 2020 yalitengenezwa na akili mnemba ya kampuni ya Blackshark.ai ya Austria, iliyotazama paa kutoka juu na kukisia nyumba iliyo chini yake. Kwa hivyo barabara na fuo ni za kweli, nyumba ni za kukisia. Bohari ya Shimanzi inaweza kugeuka jengo la ofisi, na usishangae.

Kwa upande wa lebo, lakini, Microsoft amewapiku wote. Simyuleta yenyewe ina alama za majina zinazoelea juu ya mahali, na unaziwasha au kuzizima kwenye mipangilio ya usaidizi. Za kwako unaziongeza kwa zana za waundaji ambazo hutolewa bure. Unaandika faili la XML lenye kipengele kiitwacho LandmarkLocation, unajaza jina, latitudo, longitudo na kimo, unalifunga kuwa kifurushi na kulitia katika folda ya Community. Ukimaliza moja, nyingine ni kunakili na kubadilisha tarakimu. Uzuri uko kwenye ile swichi. Ruka mara ya kwanza lebo zikiwa wazi, ruka mara ya pili zimezimwa, na hapo utajua kama umejifunza au ulikuwa unasoma tu.

Gharama yake halisi haimo katika bei ya programu. Toleo la 2020 linataka nafasi ya giga 150 kwenye diski. Kwa intaneti ya megabiti 15 kwa sekunde, kuzishusha giga hizo kunachukua saa 22, ikiwa laini haikukatika na stima haikupotea, na anayeishi Kisauni ajaze mwenyewe uwezekano wa hayo. Toleo la 2024 linataka giga 50 tu, lakini mandhari yake hutiririka kutoka kwenye seva unavyoruka. Kasi ya chini inayotajwa ni megabiti 10, na inayopendekezwa ni 50. Kwa bei za Safaricom za 2024 za intaneti ya nyumbani, megabiti 15 ni shilingi 2,999 kwa mwezi, megabiti 30 ni 4,100, na ili uvuke hamsini unaingia kwenye kifurushi cha megabiti 80 cha shilingi 6,299. Zidisha kwa miezi kumi na miwili: ni shilingi 75,588. Programu ya shilingi elfu tisa imekuletea bili ya mara nane. Kama nyumbani mna intaneti hiyo tayari kwa kazi na masomo, hesabu ni nyingine. Kama unaitaka kwa ajili ya simyuleta peke yake, hapana.

X-Plane 12 ilitoka rasmi Desemba 2022 kwa dola 59.99. Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu aliyeamua kwamba anataka leseni, na sababu ya kwanza ni ya kimfuko: wakati wa kuiweka, inakupa ramani ya dunia iliyokatwa vipande na unapakua vile unavyovihitaji. Kipande kimoja, cha longitudo 30 hadi 40 mashariki na latitudo 0 hadi 10 kusini, kina Nairobi, Mombasa, Unguja na Dar es Salaam. Angalia lakini: Malindi iko longitudo 40.1. Imetoka nje ya kipande hicho kwa maili sita tu. Ukipanga kuruka pwani kutoka Port Reitz hadi Malindi, safari ya maili 57 za baharini, pakua na kipande cha mashariki yake, la sivyo nchi itakuishia kabla hujafika Watamu na mbele yako hakuna uwanja. Vipande vikishaingia kwenye diski, mandhari hayaombi intaneti tena. Unaweza kuruka usiku mzima laini ikiwa imekatwa.

Kuweka lebo ndani ya X-Plane kunataka mkono zaidi. Programu ya WorldEditor, inayotolewa bure na waundaji wa X-Plane wenyewe, inakuwezesha kusimamisha kitu chochote mahali popote, ila lazima kwanza uwe na kitu. Bango lenye neno LIKONI unalichora mwenyewe kwa Blender, ambayo pia ni bure, na jioni mbili tatu zitakwenda hapo. Kuna njia ya mkato inayotosha kwa masomo: faili la user_fix.dat. Humo unaandika alama zako kwa vifupisho vya herufi tano, kama LIKON au NYALI, nazo zinajitokeza kwenye ramani na kwenye GPS ya ndege. Hazielei dirishani. Unalazimika kutazama nje, kutazama ramani, kisha kutazama nje tena, na hicho ndicho kitendo chenyewe unachojifunza.

Rafiki mkubwa wa X-Plane na wa Microsoft vilevile ni Little Navmap, ramani ya bure inayoiona ndege yako ikitembea. Unabandika alama zako humo na kuziandika majina kamili, kisha inazitoa kwa miundo mbalimbali, ukiwemo ule wa user_fix.dat. Tena inaweza kuonyesha ramani kwenye kivinjari cha simu kupitia Wi-Fi ya nyumbani. Simu yenye kioo kilichopasuka inageuka ramani ya mapajani, na hujanunua skrini ya pili.

Halafu kuna za bure kabisa. FlightGear ni kazi ya watu wa kujitolea tangu miaka ya tisini, programu yake ni huria, na kuishusha ni kama giga mbili, chini ya nusu saa kwa ile laini ya megabiti 15. Mandhari yake ya Mombasa ni ya kimaskini, tusidanganyane. Umbo la pwani ni la kukadiria, na anayeijua Tudor atanung'unika. Ila ukitaka kuelewa lebo zinavyofanya kazi hakuna shule bora zaidi, kwa kuwa kila kitu kiko wazi kwenye maandishi. Mombasa imo katika folda e030s10, ndani yake e039s05. Humo kuna mafaili ambayo kila mstari ni kitu kimoja: aina yake, longitudo, latitudo, kimo na upande unaoelekea. Unaongeza mstari, unawasha upya, kitu kimesimama. Na kwa asiyependa tarakimu, kuna chombo kiitwacho UFO, kisahani kinachoelea unachokiendesha juu ya nchi na kubofya panya mahali unapotaka kitu kikae. Kukiona kisahani hicho kimesimama juu ya soko la Kongowea kunatosha kukulipa muda wako.

Google Earth Pro haihesabiwi na wengi kuwa simyuleta, na kwa kweli ina ndege mbili tu, F-16 na SR22, zenye tabia ya kikatuni. Hadi Januari 2015 iliuzwa dola 399 kwa mwaka, sasa ni bure. Bonyeza Ctrl, Alt na A, uko angani. Lebo zake ndizo rahisi kuliko zote: unaweka pini, unaandika jina, unainyanyua futi mia kadhaa kutoka ardhini na kuiambia ishushe mstari hadi chini, na jina linasimama kama bendera juu ya mlingoti. Mtoto wa darasa la saba atafanya Likoni yote kabla ya chakula cha mchana. Kama somo la kuruka haina thamani kubwa. Kama daftari la kuchagulia alama zako kabla ya kuzipeleka kwingine, sijaona ya kuishinda, kwa sababu pini zake huhifadhiwa katika muundo wa KML ambao Google Earth yenyewe na programu nyingi zinausoma.

Hapo kwenye tarakimu pana mtego mmoja. KML na FlightGear hutanguliza longitudo, Little Navmap na wengine hutanguliza latitudo. Kivuko cha Likoni kiko kama longitudo 39.66, latitudo -4.08. Zigeuze, na lebo ya Likoni itasimama Hispania, kusini kidogo ya mji wa Toledo, ambako hakuna feri wala bahari.

Sasa suala ambalo halina bei lakini ndilo linaloharibu pesa za wengi: uandike nini? Mkono huenda wenyewe kwenye majina ya vituo vya matatu. Lights, Bombolulu, Kwa Bulo, Magongo, Saba Saba. Ni majina tunayoyaishi, na kutoka futi 1,500 karibu yote hayaonekani. Kituo cha Lights ni makutano ya barabara kati ya paa elfu. Rubani anataka kitu chenye umbo, ukubwa au rangi inayokataa kuchanganyika na jirani yake.

Changamwe ina neema ya vitu hivyo. Kiwanda cha mafuta kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013, lakini matangi yake ya mviringo bado yamejipanga, na hutayachanganya na chochote. Chini yake kuna Kipevu, gati la mafuta lililojitenga majini na kreni za kontena. Kaskazini magharibi kuna stesheni ya reli ya Miritini, iliyofunguliwa 2017, yenye duara na mnara katikati utadhani ilichorwa kwa ajili ya marubani. Makupa nayo iandike, kwa sababu ndiyo inayokuonyesha kisiwa kinaposhikana na bara. Tano hizo zinatosha.

Likoni ina ugumu wake. Kivuko chenyewe kinajulikana kwa wembamba wa mlango wa bahari na kwa feri zinazopishana, lakini simyuleta nyingi hazina feri zinazotembea, na kwenye picha ya setelaiti huenda ukakuta moja imeganda katikati ya maji. Weka lebo kwenye magati ya pande zote mbili. Kambi ya jeshi la majini ya Mtongwe, kwa maoni yangu, iache bila jina, ghuba inatosha. Mstari mweupe wa mawimbi yanapovunjikia mwambani ndio utakaokupeleka Diani, nao hauhitaji lebo. Upande wa Dongo Kundu chunguza kwanza: daraja la Mteza, lenye urefu wa mita 1,440, ni la juzi juzi, na picha ya simyuleta yako inaweza kuwa ya kabla halijajengwa. Lebo ya daraja juu ya mikoko mitupu itakufundisha uongo.

Kisauni imejaa nyumba, kwa hivyo shikilia kingo zake. Daraja la Nyali la 1980. Uwanja wa gofu wa Nyali, kijani kisichofanana na kitu kingine kwa maili nyingi. Kiwanda cha saruji cha Bamburi, kilichoanza 1954, na kando yake machimbo ya zamani ambayo René Haller alianza kuyapanda miti mwaka 1971. Kwenye picha ni kiraka cheusi cha miti chenye vidimbwi. Kisha Mtwapa, maji yanapoingia ndani na barabara ya Malindi inapoyavuka. Basi.

Kumbuka pia upepo, kwa sababu ndio unaoamua utayaona hayo kutoka upande gani. Njia kubwa ya kurukia ya uwanja wa Moi ni 03/21. Wakati wa kaskazi ndege hutua mara nyingi kwa 03, zikitokea Dongo Kundu na kuvuka maji ya Port Reitz. Kusi ikivuma zinageukia 21, zikitokea nyuma ya Tudor. Jizoeze pande zote mbili. Maji nayo hayatulii: bamvua Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na Tudor ya maji kupwa ni matope matupu, wakati picha ya simyuleta imesimama kwenye saa moja ya siku moja. Ukitumia umbo la hori kama alama, tumia mdomo wake, usitumie ncha yake ya ndani.

Mambo mengine ni ya kupita haraka. Viwanja vya ndege vilivyochongwa na watu binafsi huuzwa dola kumi hadi ishirini na kitu. Vinakupa jengo zuri la abiria ambalo hulioni ukiwa maili tano nje, kwa hivyo si vya mwanzo. Droni ya kupiga picha za mandhari yako mwenyewe inahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, chini ya kanuni za 2020, basi usiinunue kwa sababu hii. Data za OpenStreetMap unaruhusiwa kuzitumia, ukizisambaza taja zilikotoka. Kompyuta ya wati 300 ikiwaka saa tatu inakula karibu uniti moja ya stima, gharama ndogo ukilinganisha na data.

Kompyuta yenyewe ndiyo inayotenganisha watu. Ile ya mtumba ya ofisini isiyo na kadi ya grafiki itaendesha Google Earth Pro na, kwa kuvumilia, FlightGear. X-Plane 12 inataka kadi halisi. Microsoft ya 2024 inataja giga 16 za RAM kama kiwango cha chini, na kiwango hicho cha chini ni cha chini kweli. Kabla ya kuinunua programu yoyote ya kulipia, nunua kijiti cha kuongozea, ambacho huko nje cha kawaida ni dola 35 hadi 50. Kuruka kwa kibodi ni kuzoea tabia ambayo mwalimu atakuondolea siku ya kwanza. Na saa za nyumbani hazihesabiwi kwenye zile saa 40 ambazo ni kiwango cha chini cha kimataifa cha leseni ya rubani binafsi. Zinakupunguzia tu saa za kupotea angani kwa pesa.

Hukumu yangu, basi. Mwenye kompyuta ya mtumba na bando la simu: Google Earth Pro ya kuchagulia alama zisizozidi kumi na tano, FlightGear ya kuzirukia, jumla shilingi sifuri. Aliyejiandikisha chuo cha urubani au anayejiandaa: kijiti, X-Plane 12 na Little Navmap, kama shilingi 12,000 hadi 14,500, na vipande viwili vya mandhari, asisahau kile cha Malindi. Mwenye intaneti ya megabiti hamsini nyumbani na kompyuta ya nguvu: Microsoft, toleo la kawaida, kwa ajili ya ile swichi. Toleo la shilingi elfu ishirini na sita simshauri mtu yeyote wa Likoni, Kisauni wala Changamwe.